Mashine Iliyojua Mkono Wangu Tu

Pale kigangoni tuliambiwa wazee kila mmoja aandike habari za mtu mmoja wa hapa Mkolani, mtu wa kawaida tu, zikusanywe ziwe kitabu cha wajukuu. Wengi najua wataandika habari za katekista aliyefariki, kwa sababu marehemu habishi. Mimi naandika habari za Kashindye mwana wa Luhende, yule mwenye steshenari karibu na mashine ya kusaga. Nimemlea mimi. Na watu wanamsifu kwa jambo ambalo nusu yake si kweli, na nusu hiyo isiyo kweli wamenibandika mimi.

Naandika mwenyewe, polepole. Mtu asije akasema niliandikiwa.

Luhende alikuwa mdogo wangu. Mkewe alipofariki aliniletea mtoto Misungwi, ana miaka minne, kichwa kikubwa, miguu kama mabua ya mtama. Wakati huo nalima pamba na kusuka vikapu, na nina mwanangu mmoja, Nestory, ambaye alikuwa ameshakuwa kijana. Kashindye alipoanza shule akawa anasoma kila kitu kilichoandikwa. Mfuko wa mbolea anasoma. Kopo la mafuta anasoma. Kanisani alikuwa anasoma maneno ya kanga za wanawake waliokaa mbele yetu, kwa sauti, mpaka siku moja mama mmoja akageuka: "We mtoto, huko nyuma unanitazama nini?" Mimi nikajibu, "Anakusoma. Ungevaa isiyo na maneno."

Kusoma kwangu mimi ni kwa ngumbaro, darasa la watu wazima. Mwaka wa sabini na nne, jioni, chini ya Mwalimu Shimba. Sheria yake ilikuwa moja: nakili kama ilivyo. Anachora ubaoni, sisi tunanakili, yeye anapita katikati yetu na chaki nyekundu. Ambaye herufi yake imefanana na ya ubaoni anapata vema, ambaye imepinda anaandika upya. Mimi sikuwa najua hata herufi moja inasemaje, lakini zilikuwa zinafanana, zote, ya kwanza na ya mia. Mwalimu akainua daftari langu watu waone. "Huyu mama ana mkono," akasema. Wanawake waliokuwa na waume wanaojua kusoma wakaniangalia vibaya. Nilifurahi sana. Kusoma kulikuja baadaye, na hakukuja kote. Mpaka leo nasoma herufi zilizosimama moja moja. Zikishikana mikia zinanishinda.

Sasa sikilizeni habari ya barua, maana bila hiyo hamtanielewa.

Nestory alikwenda Geita kuchimba dhahabu, akaandika barua. Mkono wake ni wa kukimbia, sikuuweza. Nikampa Kashindye, yuko darasa la nne. Akasoma: mama, mimi mzima, naja Krismasi. Nikafunga jogoo. Nikanunua shati. Krismasi ikapita, jogoo yumo ndani anawika tu. Januari nikaipeleka ile barua kwa Mwalimu Shimba, nilitaka aniangalizie kama imesema Krismasi ya mwaka gani. Mwalimu akasoma kimya, akavua miwani. "Mama Nestory," akasema, "haisemi Krismasi yoyote." Ilisema ameoa huko, harudi, nisimngoje.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Kashindye hakukimbia. "Ulikuwa unacheka, shangazi," akasema. "Nikaona nikisoma ilivyo utaacha."

Nilimpiga, sitaficha. Kisha nikamkalisha, nikamwambia: "Mimi nikikupa karatasi unisomee, nimekupa shingo yangu uishike. Usinifanyie hivi tena. Hata kama ni kunihurumia. Hasa kama ni kunihurumia." Akaapa kwa kaburi la mama yake. Nikamsamehe. Hilo liwekeni pembeni.

Akamaliza kidato cha nne, akasoma kompyuta mjini, akapata kazi ya kutunza stoo katika kambi moja ya wajenzi wa barabara, Wachina. Huko stoo maboksi na mifuko yote imeandikwa Kichina. Wenzake walikuwa wanakariri rangi: mfuko wa kijani ni wa hiki, wa bluu ni wa kile. Siku moja ikaja mifuko ya aina mbili, yote ya kijani. Akatoa ule usiotakiwa, ukachanganywa kwenye zege, zege likakataa kuganda. Wakamwachisha siku hiyo hiyo. Alikuja kwangu Misungwi na kipande cha mfuko alichokichana, akakiweka mezani.

"Shangazi, nimefukuzwa kwa herufi hizi mbili. Na mpaka sasa sijui zinasemaje."

Nilizitazama. Zilikuwa nzuri. Zimekaa kila moja katika chumba chake, hazishikani mikia. Nikamwambia, "Hizi hata mimi naweza kunakili." Tukacheka. Ndivyo ilivyoanza.

Akafungua steshenari hapa Mkolani: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kuweka karatasi nailoni. Jioni anakwenda darasa la Kichina la Mwalimu Paulo Chenge, Mtanzania aliyesoma China. Huko alikuta wasichana wanaouza mabondo ya sangara, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki, kwa wanunuzi wa Kichina, madereva, watu wanaotaka kwenda kufuata mizigo. Wote wanalia kilio kimoja. Kamusi yetu sisi unaijua, unafuata a, be, che. Lakini herufi ya Kichina usiyoijua hujui hata inaanzia wapi, utaitafuta ukurasa gani? Na ukishaipata, maana yake imeandikwa Kiingereza. Msichana wa mabondo anatoka kwenye Kichina anaingia kwenye Kiingereza ndipo afike kwenye Kiswahili, na mnunuzi ameshaondoka.

Kashindye akasema atatengeneza programu ya kompyuta ya mezani. Unaweka karatasi kwenye skana, inatokea kwenye kioo. Unashika kipanya unaizungushia boksi ile herufi isiyokuingia. Kidirisha kinafunguka pembeni: inatamkwa hivi, maana yake hii, kwa Kiswahili. Alijifunza kuitengeneza mwenyewe, miaka, mpaka macho yakawa mekundu. Kwa hilo sitampunguzia sifa. Kamusi aliijaza neno kwa neno, na maneno mengi niliyapitia mimi, kwa sababu wakati huo miguu ilikuwa imenisumbua na nimehamia kwake, nimekaa na mkewe Precious.

Siku moja akanisomea, "Kibofu cha samaki."

"Kibofu kina mkojo," nikamwambia. "Samaki wa wapi huyo?"

"Ndivyo kamusi ya Kiingereza inavyotaka, shangazi."

"Nenda kamwambie muuza sangara unataka kibofu. Atakupeleka hospitali. Hilo ni bondo."

Precious alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kashindye akaandika bondo.

Herufi za kuchapwa mashine ilizisoma mapema. Tatizo likawa za mkono. Mnunuzi wa samaki haandiki kwa mashine, nyapara haandiki kwa mashine, wanaandika kwa kalamu, na hizo ndizo karatasi ambazo watu wanazileta. Kashindye akanieleza kwamba mashine haijui kitu mpaka ioneshwe, na ioneshwe mara nyingi, herufi moja mara mia. Wanafunzi wa Mwalimu Chenge waliandika kidogo wakachoka, wana kazi zao.

Nikasema, "Nipe mimi."

"Shangazi, wewe hujui Kichina."

"Na zile za ngumbaro nilikuwa nazijua?"

Akanitolea karatasi za miraba, zile za hesabu, na juu ya kila karatasi amechapa herufi moja kubwa. Kazi yangu kujaza miraba. Herufi ya kwanza ilikuwa samaki. Ina kikofia juu, katikati ina shamba la vyumba vinne, chini ina mstari kama ardhi. Nilimwambia Precious, samaki wa Wachina ana shamba tumboni. Nilijaza ukurasa ule asubuhi nzima, nikaweka tarehe juu kama Mwalimu Shimba alivyotufundisha. Kashindye aliporudi akaushika, akausogeza kwenye mwanga.

"Zinafanana zote," akasema.

"Ndiyo."

"Kama muhuri."

"Ndiyo."

Nikawa na meza yangu dirishani. Kila asubuhi baada ya uji, kurasa mbili, siku nyingine tatu. Jumamosi anazichukua, anaziweka kwenye skana. Karatasi ambayo mashine imeshaila anaitoboa tundu pembeni kwa kile kitoboleo cha dukani, ili asije akailisha mara mbili. Halafu ananirudishia, nazifunga kwa kamba. Nilikuwa napenda yale matundu kuliko nilivyowahi kupenda vema ya chaki. Kila tundu ni kwamba mkono wangu umeingia mle ndani.

Baada ya miezi akaniita dukani. Akachukua karatasi yangu mpya, akaiweka kwenye skana, akanishika mkono na kipanya chini yake, tukaizungushia boksi pamoja. Kidirisha kikafunguka. Hiyo niliisoma mwenyewe, herufi zimesimama moja moja: SAMAKI.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Wateja wamesimama na karatasi zao za kutoa kopi, wanatungoja, na mimi sina haraka nao. Alinipiga picha siku ile nimesimama kando ya kompyuta, nacheka, jino moja halipo. Picha hiyo ndiyo inayotokea programu inapofunguliwa mpaka leo. Chini yake ameandika: Imefundishwa na Mama Nestory, Mkolani.

Kuna siku moja tu alinisemesha juu ya kazi yangu. Alisimama mlangoni, anazungusha funguo kidoleni.

"Shangazi, usiziandike zote sawa. Nyingine ipinde kidogo. Nyingine iandike kwa haraka."

"Niandike vibaya?"

"Si vibaya. Tofauti tofauti. Ikosee kosee."

"Kashindye, mimi sikufundishwa kukosea."

"Najua, lakini mashine—"

"Mashine nimeiona kwa macho yangu inasoma. Nenda dukani, wateja wanakungoja."

Akacheka, akaenda. Hakusema tena. Na mimi nilijua nimeshinda.

Niliandika mwaka mwingine na zaidi. Siku hizo karatasi hakuwa ananirudishia. Alisema zimekuwa nyingi, anazitunza dukani. Sikuuliza. Mtu uliyemlea unamuuliza nini?

Mwaka jana, mwezi wa sita, kukawa na maandalizi. Programu inazinduliwa katika ukumbi wa chuo kimoja mjini, mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam. Kashindye akanishonea gauni. Akaniambia nitaitwa mbele, nitaandika herufi moja mbele ya watu, mashine itaisoma. Hiyo ndiyo itakuwa kazi kubwa ya siku ile, akasema, watu wanapenda sana habari yako, shangazi, bibi wa ngumbaro ameifundisha kompyuta Kichina.

Siku tatu kabla ya hapo nilikwenda kununua maandazi kwa Ajwang. Ajwang ni mama wa kutoka Mara, anakaanga pale kona, na mdomo wake haupoi kama karai lake.

"Shikamoo, mama mkubwa. Naona unakwenda kuwa mtu wa televisheni. Utatukumbuka sisi wa karai?"

"Marahaba. Nipe matano, yasiwe ya jana."

"Ya jana nimewauzia walokole, wamesema asante."

Akanifungia, nikaondoka. Nimefika kwenye mtaro karatasi ikafunguka mkononi, na samaki akanitazama. Kikofia juu, shamba la vyumba vinne, ardhi chini. Miraba imejaa, yote inafanana. Juu kuna tarehe, mkono wangu, mwezi wa nne mwaka huo huo. Nikageuza pembe zote nne. Haikuwa na tundu.

Nikarudi.

"Ajwang, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Si za kwenu hizo? Kashindye ananipa kila Jumamosi. Nzuri sana, mama, hazina wino wa magazeti wa kupaka watu midomo." Akavuta mfuko wa sandarusi chini ya meza. "Nina akiba mpaka mwakani. Hivi ni nini hivi, ni hirizi?"

Nilikaa kwenye kigoda chake nikazipekua. Mwezi wa tano, wa nne, wa pili, za mwaka juzi. Niliweka kidole kwenye pembe za kila moja. Hakuna hata moja iliyotobolewa. Ajwang aliona uso wangu, akaacha andazi likaungua. Yeye hana kosa. Alipewa.

Nilijiambia, usimhukumu mtoto kabla hujamsikia. Nikaenda dukani. Alikuwa anakata picha za pasipoti.

"Kashindye, mashine imekula mpaka za lini?"

"Mpaka za wiki iliyopita, shangazi," akasema, wala hakuinua kichwa. "Zote zimeingia."

Maandazi yalikuwa kwenye mfuko wa gauni langu, yana joto bado. Sikuyatoa. Nilitaka kumpa nafasi nyingine. Nikauliza tena, "Zote?"

"Zote. Bila wewe isingesoma kitu."

Nikarudi nyumbani. Yale maandazi niliwapa kuku. Karatasi niliikunjua, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Ngoma zililetwa kutoka Bujora. Wasichana wa mabondo walikuwepo, Mwalimu Chenge alikuwepo, kamera zilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele na gauni langu, na moyoni nilikuwa na jambo moja tu: atasema au hatasema. Mbele ya watu wote hao mtu anaweza kusema, shangazi yangu alinisaidia mwanzo, baadaye nikapata njia nyingine. Maneno hayo yangenitosha. Ningesimama nikapiga makofi.

Kashindye akashika kipaza sauti. Akasema: "Kila herufi ya mkono ambayo programu hii inaisoma, imefundishwa na mkono wa huyu mama. Mpaka asubuhi ya leo alikuwa anaandika."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika. Nilitaka kuona kama mkono utakataa, haukukataa.

Wakaniita. Wakaniwekea karatasi nyeupe na kalamu mpya. Sikuishika kalamu. Nilifungua kitabu cha nyimbo, nikatoa ile karatasi ya Ajwang, ina mafuta mpaka inaangaza, nikailaza kwenye skana mwenyewe na kufunika. Kwenye kitambaa kikubwa ukutani ikatokea, samaki karibu mia moja na doa la andazi katikati. Kashindye aliitambua. Nilimwona anaitambua. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, hausogei.

"Zungushia," nikamwambia.

Akazungushia. Kidirisha kikafunguka. Samaki. Ukumbi ukalipuka makofi, mgeni rasmi amesimama, wanadhani ni mchezo tuliopanga, kwamba hata karatasi chafu inasomeka.

Nikakisogelea kipaza sauti. "Kashindye, waambie watu. Karatasi hii ina tundu?"

Watu hawakujua ninachouliza. Yeye alijua. Nilimwangalia na alikuwa darasa la nne, amesimama mlangoni na fimbo iko mkononi mwangu. Nikasema moyoni, sasa. Sema sasa.

Akacheka. "Shangazi yangu anapenda utani," akasema.

Wote wakacheka naye. Ngoma zikaanza. Nikashuka.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu, akakaa chini sakafuni kama alivyokuwa anakaa Misungwi. Akanieleza. Kwamba mwaka juzi alichukua karatasi ya Mwalimu Chenge, mkono wa Mwalimu mwenyewe, mashine ikatoa upuuzi. Akachukua ya mnunuzi wa mabondo, upuuzi. Za wanafunzi, upuuzi. Akaweka yangu, ikasoma bila kukosa hata moja.

"Ilikuwa inajua kusoma mkono wako tu, shangazi. Duniani kote, wako tu. Ulikuwa unafanana mno." Ikabidi aanze upya. Akachukua kwenye mtandao miandiko ya Wachina maelfu kwa maelfu, iliyowekwa huko watu waitumie, akaifundisha mashine kwa hiyo. Mkono wangu akautoa wote.

"Hata za mwanzo? Zenye tundu?"

"Hata hizo."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia uzikosee kosee. Ulikataa."

"Niliukataa ushauri. Hukuniambia mashine imeshindwa. Hukuniambia umeanza upya bila mimi. Mwaka mzima na miezi miwili nakaa pale dirishani!"

"Ulikuwa unapenda," akasema. "Ulikuwa unakula, hulalamiki miguu. Unaamka unaulizia karatasi. Nikaona nikikwambia utaacha."

Hapo nikasikia maneno yale yale. Mtu mzima, ana mke, ana mvi mbili tatu, na ananiambia maneno yale yale aliyoniambia akiwa na kaptura.

"Na jana?" nikamuuliza. "Jana pia ulinihurumia? Au jana ulikuwa unajihurumia?"

Alikwangua sakafu kwa ukucha. Baadaye akasema, "Maneno yako bado yamo kwenye kamusi. Bondo limo. Jina la samaki furu limo. Yote uliyoyasahihisha."

"Maneno ni ya watu wote, hata Ajwang anayo. Mkono ulikuwa wangu."

Nikamtaka vitu viwili. Cha kwanza, aitoe picha yangu na yale maandishi chini yake. Akasema atatoa. Cha pili, anipe ile kompyuta ya zamani, yenye mgongo mkubwa, iliyokuwa chini ya meza dukani, ambayo programu ya kwanza bado imo. Akashangaa.

"Hiyo haina faida, shangazi. Haisomi kitu."

"Inanisoma mimi."

Akaileta yeye na Precious, wakaiweka kwenye meza yangu dirishani. Imefunikwa kitenge.

Sasa ni mwaka. Miezi miwili iliyopita walikuja wageni wengine wa kumsaidia, wakataka kumwona bibi. Kashindye alituma Precious kuniita, mimi nikasema naumwa miguu, na miguu siku hiyo ilikuwa mizima. Walipoondoka nilikwenda dukani mwenyewe, nikamwambia msichana wa kazi anifungulie ile programu. Ikafunguka. Nipo pale nacheka, jino moja halipo. Imefundishwa na Mama Nestory, Mkolani.

Kashindye alikuwa anaongea na mteja. Alisikia, akageuka, akaniona nimesimama mbele ya picha yangu. Nilingoja. Akarudi kwa mteja.

Basi ninyi mtakaosoma kitabu hiki cha kigango, mkienda pale dukani, na nendeni, programu ni nzuri na inasaidia watu, wasichana wa mabondo hawadanganywi siku hizi. Mkiona yule mama anacheka, jueni alikuwa hajui. Mashine hiyo sikuifundisha mimi. Niliyoifundisha iko kwangu, na haijui mtu mwingine.

Habari hii nimeiandika kwenye karatasi za miraba, zilibaki nyingi. Karatasi ya kwanza niliiweka Kashindye aione, akaisoma yote amesimama, akaniambia, "Andika tu, shangazi." Akaenda. Kitoboleo cha dukani sikukiomba. Nimetumia shazia yangu ya kusukia vikapu, nimetoboa kila ukurasa pembeni, tundu moja moja, ndipo nikazipeleka kigangoni.